Tini za Msaliti

Watu wa Serramonda, mji wa mlimani kusini mwa Italia, wana usahaulifu wa ajabu, isipokuwa kwa jambo moja. Muulize meya barabara ya makaburini iliahidiwa lini, atajikuna kichwa. Muulize Mancuso muuza nyama kilo ina gramu ngapi, utapata jibu lake mwenyewe. Lakini muulize mtu yeyote, hata mlevi asiyejua aliko, ni nani aliyewafungulia Waturuki lango la mji mwaka 1594, naye atakunyooshea kidole nyumba ya Mzee Gesualdo Scarfò, ile yenye mlango wa kijani, na atakusimulia kwa uchungu kana kwamba ni habari ya Jumanne iliyopita.

Aliyefungua alikuwa Bartolo Scarfò, bawabu. Kwa nini alifungua, hakuna ajuaye wala aliyewahi kujali. Alifungua, basi. Na kwa kosa lake hilo, kila mwaka katikati ya Agosti, mkubwa wa ukoo wa Scarfò huvaa shati jeupe lililopigwa pasi, huvishwa shingoni ufunguo wa chuma mkubwa kama mwiko, na hutembea kutoka langoni hadi kanisani huku mji mzima ukimrushia tini zilizooza. Tini ya kwanza hurushwa na mkewe. Ndiyo, mkewe wa ndoa. Wanawake wa Serramonda wanasema hiyo ndiyo haki pekee ambayo wake wa Scarfò wanaonewa wivu.

Ila kuna upande wa pili wa desturi hiyo. Kila aliyerusha tini lazima, kabla jua halijazama, apige hodi kwa msaliti, aseme "nisamehe," anywe naye divai na ale chochote kilichopo mezani. Asiyekwenda, mtini wake hukauka. Na asiyerusha haingii, maana kwenda kumwomba radhi mtu ambaye hukumkosea ni kumdhihaki nyumbani kwake. Sheria hizi hazijaandikwa popote, ndiyo maana zinafuatwa.

Ermelinda, binti pekee wa Mzee Gesualdo, aliyachukia mambo haya tangu ana meno ya utoto. Shuleni walimwita "Fungua." Mlango wa darasa ukikwama, darasa zima lilipiga kelele: "Mwiteni Fungua! Kwao ni mafundi!" Alilia nyuma ya choo cha shule mpaka akachoka kulia, kisha akaenda zake mjini Cosenza akasomea ualimu wa historia, somo alilolichagua kwa hasira tupu. Sasa ana mvi zake na miwani yake, na bado kila Agosti hurudi kumfulia baba yake shati. Mama yake, Serafina, alishafariki, na tini ya kwanza siku hizi hurushwa na meya, ambaye hana shabaha.

Basi majira ya kuchipua, manispaa ikatangaza shindano la hadithi fupi ya kihistoria "yenye msingi wa utafiti," mshindi asome hadithi yake uwanjani mkesha wa sikukuu. Meya Fiorenzo Gullà alisisitiza sana neno fupi, kwa sababu ya fataki. Ermelinda alilisoma tangazo lile mara mbili. Utafiti! Walichokuwa wakikitafuta wamekipata. Atamwandikia Bartolo hadithi ya kweli, yenye ushahidi, amvue baba yake ufunguo ule shingoni kabla mzee hajafa nao.

Alianza kwa Padri Ilario, mtunza nyaraka za askofu, mzee mwembamba anayekula karanga juu ya karatasi za karne zilizopita.

"Waturuki? Serramonda?" Padri alicheka mpaka akashika meza. "Mwalimu, wale walikuwa watu wenye akili. Walishuka pwani, wakabeba walichokikuta, wakaondoka. Wapande mlima wote ule wakachukue nini? Mbuzi wawili na kikohozi?"

"Kwa hiyo hawakufika?"

"Hata mtoza kodi wa mfalme hakufika. Alikuwa anaishia kwenye chemchemi, anapiga mayowe, anarudi."

"Lakini Padri, lango lilifunguliwa. Mji mzima unasema."

"Lango lipi, mwanangu?" Padri akapuliza maganda ya karanga. "Ukimchunguza sana bata, hutamla. Mimi ningekuwa wewe ningeishia hapo, nikanywe kahawa."

Hakuishia hapo. Ni mwalimu, hajui kuishia. Neno lile, lango lipi, lilimwasha kama upupu, na mwezi wa saba akapanda Serramonda na patasi mkobani. Lango la mji, kwa heshima ya sikukuu, hupakwa chokaa kila mwaka, tabaka juu ya tabaka, tangu enzi ambazo hazina mwenyewe. Nguzo zake zimenenepa. Ermelinda akaegemeza ngazi asubuhi kweupe, akapanda hadi kwenye upinde, akaanza kukwangua.

Crocifissa, jirani wa baba yake, mjane mwenye sauti ya tarumbeta, alisimama chini na kikapu cha nyanya.

"Mwalimu! Unafanya nini huko juu kama paka?"

"Natafuta mwaka."

"Kwani huu tulio nao una kasoro gani?"

Chokaa ilidondoka vipande vipande. Ikatokea moja, ikatokea sita. Ermelinda akapuliza vumbi, akafuta miwani kwa gauni, akasoma vizuri: 1641, na chini yake jina la fundi mwashi aliyelijenga palipokuwa na tundu la ukuta. Lango walilofunguliwa Waturuki lilijengwa Bartolo akiwa ameshaoza kaburini. Mwaka ule wa usaliti palikuwa na tundu tu ukutani, la kupitishia mbuzi. Hapakuwa na cha kufungua! Ermelinda alicheka pale juu ya ngazi, kisha akalia, kisha akafanya vyote pamoja, hata Crocifissa akaweka kikapu chini na kushika ngazi kwa mikono miwili.

"Umeuona?" aliuliza.

"Nimeuona."

"Haya shuka, usije ukafa bure, sikukuu imekaribia."

Hadithi aliiandika kwa mkupuo mmoja kwenye meza ya jikoni kwa baba yake. Aliiita "Bawabu Asiye na Lango." Bartolo wake alikuwa mtu mpole aliyekaa kila jioni kando ya tundu la ukuta, ufunguo wa ghala la divai mkononi, akiwasubiri Waturuki ambao hawakuja. Ilikuwa nzuri, yeye mwenyewe alijua. Akamsomea baba yake wakati mzee anamenya maharage, asubuhi, redio ikiwa imezimwa kwa heshima. Mzee Gesualdo alisikiliza yote bila kukohoa.

"Imeisha?"

"Imeisha, baba."

"Nzuri." Akamenya ganda jingine. "Sasa watanirushia nini?"

"Hawatakurushia kitu! Si ndiyo maana yake? Sisi si wasaliti, baba. Hatujawahi kuwa."

"Tulikuwa nini, basi?"

"Tulikuwa... watu. Watu wa kawaida."

"Watu!" Mzee akasukuma bakuli la maharage. "Akina Gullà ni watu. Akina Mancuso ni watu, ukiangalia kwa mbali. Mji umejaa watu mpaka mtu haoni pa kukanyaga. Msaliti ni mmoja tu, na ni mimi."

"Baba, wanakupiga na matunda yaliyooza!"

"Na jioni?" Ermelinda akaona kwamba mzee hatanii. "Jioni wanafanya nini? Tangu mama yako aondoke, mlango ule unabishwa na nani? Kijana wa mitungi ya gesi, na yule anayesoma mita ya maji, tena huyo hata haingii. Lakini siku ile moja, mji mzima unapanga foleni kwenye ngazi zangu. Meya ananibusu huku na huku. Crocifissa hajasema nami tangu ile kesi ya bomba, lakini siku ile anasimama hapo hapo ulipokaa wewe, anasema nisamehe Gesualdo, na anakula soseji zangu kama aliyefungwa jela. Halafu wewe umekuja na patasi uniondolee hayo. Kuchamba kwingi, mwanangu..."

"Usimalizie, baba."

"Simalizii. Wewe umesoma, unajua inakoishia."

Ermelinda alisimama. "Na mimi je? Mimi nililia, baba! Wewe ulikuwa unakunywa divai na watu, mimi niko nyuma ya choo cha shule nalia!"

"Najua."

"Ulijua?"

"Mama yako aliniambia. Nilikwenda kwa wazazi wao, mmoja mmoja, na wote wakaniambia ni utoto." Mzee alimtazama kwa huruma, akiwa na ganda la harage kidoleni. "Wewe walikurushia maneno, mwanangu. Maneno hayaji kuomba radhi jioni. Tini huja."

Hakulala vizuri, na kulipokucha alichanganya chokaa kwenye ndoo, akapanda ngazi ileile. Mwalimu wa historia, mwenye cheti ukutani, akaupaka mwaka 1641 chokaa mara mbili, mara ya pili nzito zaidi. Crocifissa alikuwa chini, na safari hii alikuwa na kikapu cha pilipili.

"Umeurudisha?"

"Nimeurudisha ulikokuwa."

"Vizuri. Ulikuwa umeacha doa."

Ikabaki kuandika hadithi nyingine. Lango lazima lifunguliwe, hilo lilikuwa halina mjadala. Bartolo lazima awe msaliti, ili baba yake aendelee kuwa mtu. Lakini Ermelinda, masikini, alikuwa na kipaji, na mwenye kipaji hawezi kumwacha mtu afungue lango hivihivi tu. Akampa sababu. Usiku wa mvua, wakuu wa mji wameamuru lango lifungwe hata kwa walioko mashambani. Nje kuna mjane na watoto wake wanabisha hodi. Bartolo anajua Waturuki wako nyuma yao. Anasikia mtoto anaita "baba bawabu." Anafungua. Wanaingia watoto, na nyuma yao linaingia lililoingia. Alipofika hapo machozi yalimdondokea karatasini. Alijisifu moyoni: usaliti upo, lango limefunguliwa, tini zitarushwa, na babu yetu si mbaya. Kila mtu kapata fungu lake. Akili nyingi huondoa maarifa.

Washindani walikuwa wawili. Mwingine alikuwa mfamasia, aliyeandika kitabu kizima juu ya jemadari wa Kirumi aliyepita bondeni bila kusimama, na waamuzi hawakuthubutu hata kukifungua. Kwa hiyo mkesha wa sikukuu Ermelinda alipanda jukwaani, akasoma. Alipofika kwenye "baba bawabu" watu walisogea karibu na jukwaa. Mancuso muuza nyama alipenga kamasi kwenye aproni. Wanawake walilia bila kuficha. Meya alisahau fataki. Baadaye alishika kipaza sauti na kutangaza, sauti imemkauka, kwamba kwa mujibu wa utafiti wa Mwalimu Scarfò sasa tunajua Bartolo alikuwa mtu wa namna gani, na kwamba hata bibi yake mzaa mama, akikumbuka vizuri, alikuwa na damu ya Scarfò. Mfamasia naye akasema akina yeye pia. Mpaka watu wanatawanyika, nusu ya Serramonda ilikuwa imeshakuwa uzao wa msaliti.

Mzee Gesualdo alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alipiga makofi pamoja na wengine, polepole.

"Umeandika vizuri," alimwambia bintiye njiani. "Vizuri mno."

Kesho yake mezani palikuwa tayari tangu asubuhi: soseji za pilipili, jibini, mkate wa tanuri, mizeituni, bilinganya za siki, divai ya ghala lake mwenyewe, na glasi za kuazima hadi kwa mapadri. Ermelinda alimfunga baba yake vifungo vya shati. Lilinyooka, jeupe pe! Mzee alijivisha ufunguo mwenyewe, akatoka kifua mbele.

Langoni watu walijaa pande zote mbili, ndoo za tini miguuni, nyigu wakizunguka juu yake. Ngoma ikalia. Mzee akaingia. Meya, mwenye tini ya kwanza, akainua mkono. Akautazama mkono wake. Akamtazama mzee. Kisha akaidondosha ile tini ndani ya ndoo, taratibu kama anayerudisha kitu cha wenyewe, akaanza kupiga makofi.

Makofi yakaenea kama moto kwenye nyasi kavu. "Bartolo oyee!" mtu akapiga kelele. Crocifissa akapiga ishara ya msalaba. Mzee Gesualdo aliendelea kutembea, hatua fupi fupi. Alipofika mbele ya bucha, mahali ambapo Mancuso humpiga kila mwaka kwenye sikio la kulia, alisimama akageuza sikio, akangoja. Mancuso alikuwa analia tena.

"Rusheni basi, jamani," mzee alisema kwa sauti ya chini.

Wakaona ni unyenyekevu. Wakapiga makofi zaidi.

Akafika kanisani msafi kama alivyotoka kwenye pasi. Akarudi nyumbani, akaketi kichwani mwa meza, mikono juu ya magoti, ufunguo kifuani, akautazama mlango. Bendi ilikuwa inapiga uwanjani. Jua likashuka kwenye paa la kanisa, likashuka kwenye paa la shule. Ermelinda alipanga upya soseji, kisha akazipanga tena.

"Watakuja, baba."

"Waje kufanya nini? Hawakunikosea."

"Labda waje tu. Kukusalimia."

"Kwa sababu gani?" aliuliza mzee, na hakuwa analaumu, alikuwa anauliza kweli. "Kila mtu ana kwake."

Ermelinda alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na zawadi yake ya ushindi, sahani ya udongo iliyochorwa lango. Miaka yote alitaka kumwona baba yake katika shati safi siku ya sikukuu. Sasa alikuwa analiona. Alimwona shingo imekonda ndani ya kola, mzee wa watu, mtu wa kawaida kama watu wengine. Hakuweza kuvumilia.

Akatoka nje. Kando ya ukuta zilikuwa bado zimeachwa ndoo. Akawafukuza nyigu, akachagua tini iliyoiva ikapitiliza, yenye maji.

"Baba! Toka hapa mlangoni."

Mzee alitokea kizingitini, amefinya macho kwa sababu ya jua. Ermelinda akarusha. Tini ilimpita mzee kwa mbali na kupasuka kwenye mlango wa kijani.

"Mama yako hakuwahi kukosa," alisema Mzee Gesualdo.

Akachukua nyingine. Hii ilimpata katikati ya kifua, chini kidogo ya ufunguo, pwaa, ikatambaa mpaka tumboni. Mzee alilitazama lile doa. Midomo ikamcheza.

Juu, dirisha la Crocifissa likafunguka kwa kishindo. "Mwalimu! Umerukwa na akili? Unampiga mjukuu wa Bartolo!"

"Crocifissa!" mzee akaita, uso juu, sauti imemrudia. "Lile bomba la maji nililikata mimi! Kwa makusudi! Na mahakamani niliapa uongo!"

Dirisha likabaki tupu. Viatu vya Crocifissa vikasikika vikishuka ngazi mbili mbili. Alitokea mtaani na aproni yake, akainamia ndoo, na huyu shabaha alikuwa nayo: sikio la kulia, bega, shati, sikio tena. Kelele zake ziliwatoa watu uwanjani, wakaja mbio wakiulizana, na Crocifissa akawa anawaeleza habari ya bomba huku anarusha. Mancuso akafuta machozi, akaitazama ndoo.

Ermelinda hakungoja. Alipita katikati ya tini, akamrudisha baba yake ndani, akatoka tena na kuuvuta mlango wa kijani. Kisha akapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi, baba. Nimekuja kuomba radhi."

"Ya tini au ya hadithi?"

"Ya hadithi."

Komeo likalia, na mlango ukafunguliwa wote. Mzee alikuwa anachuruzika mbegu toka sikioni mpaka mkanda, glasi imeshajaa mkononi.

"Ingia," alisema. "Usikae mlangoni, kuna foleni nyuma yako."